Kiwanja hununuliwa kwa miguu kabla ya fedha

Dar es Salaam. Siku ya kwanza walipokwenda kuiona nyumba ile, jua lilikuwa kali. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Januari, saa 9 alasiri. Dalali aliwashusha kwenye bajaji pembeni mwa barabara ya Madale, akawatembeza dakika 6 kwenye njia inayoteremka kati ya michongoma, akasimama mbele ya pagale la vyumba vitatu, sebule na jiko.

“Dada, hapa ndipo kwenu,” alimwambia mke.

Pagale lilikuwa limefika kwenye lenta. Kilichobaki ni kupaua, kupiga plasta na kuweka milango. Nyuma ya nyumba palikuwa na miti miwili ya mapapai na uwanja wa kutosha kuanika nguo, kufuga kuku na watoto kucheza. Muuzaji alitaka Sh28 milioni, bei ambayo kwa upande ule wa mji ilionekana kama zawadi.

Mke ni muuguzi. Mume ni fundi magari. Wamepanga vyumba viwili Sinza na watoto watatu, na kila baada ya miezi 6 hulazimika kutafuta kodi kwa mkupuo. Fedha walizokuwa nazo walizikusanya kwa miaka 9, nyingine kwenye Saccos ya kazini kwa mke, nyingine kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani. Hazikuwa fedha za kufanyia majaribio.

Dalali alijua namna ya kuwaharakisha. Alisema kuna mteja kutoka Mwanza atafika Jumatatu na fedha taslimu. Mume alikuwa tayari kutoa Sh3 milioni za kushikia nafasi siku hiyohiyo. Mke akamgusa mkono.

“Kwanza mama mdogo aione,” alisema.

Mama mdogo wa Mabwepande

Mama mdogo wake hakusomea ardhi wala ujenzi. Anachokijua kuhusu nyumba alifundishwa na maji.

Hadi Desemba 2011 alikuwa akiishi katika bonde la Mto Msimbazi, jirani na Jangwani, ndani ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mvua zilizoanza Desemba 20 mwaka huo ziliua makumi ya watu jijini na kuacha maelfu bila makazi. Yeye alitoka na watoto, mkoba wa vyeti na cherehani. Baadaye Serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, zaidi ya kilomita 30 kutoka Kariakoo. Ndiko alikoanza upya.

Tangu hapo, ndugu yeyote akitaka kununua kiwanja humwita. Naye ana sharti moja, kwamba kabla ya mtu kutoa fedha, kiwanja akitembelee si chini ya mara nne, na moja kati ya hizo iwe wakati mvua inanyesha.

“Ukija na jua, nyumba inakuonyesha inachotaka kukuuzia,” alimwambia mkwewe walipokutana kituo cha Tegeta Kibaoni, Jumamosi iliyofuata.

Mji wenyewe unampa haki ya kuwa na hofu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja ndani ya miaka 10 limepandisha bei kila mahali penye barabara, na wenye fedha kidogo wamesukumwa kuelekea pembezoni, au mabondeni.

Alama ambazo dalali hakuzitaja

Walipofika, mama mdogo hakuingia ndani ya pagale. Alilipita na kwenda kuangalia nyumba za majirani.

Kitu cha kwanza alichokihesabu ni ngazi. Eneo lile ni tambarare, lakini nyumba nne kati ya sita zilikuwa na ngazi tatu au nne kwenda mlangoni. “Mtu hapandishi msingi kwa urembo, tofali linauzwa,” alisema.

Kisha akazunguka nyuma. Ukuta wa mbele wa nyumba moja ulikuwa umepakwa rangi mpya, lakini wa nyuma ulikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka, juu kidogo ya goti. Pembeni mwa uzio kulikuwa na matairi ya gari yaliyojazwa udongo, na viroba vya mchanga vilivyooza kwa jua. Choo cha nje cha jirani wa pili kilijengwa juu ya kichuguu cha zege, kama jukwaa la mkutano. Mama mdogo alieleza kuwa hapo shimo halichimbiki. Ukifika futi chache, maji yanakujia. Mahali kama hapo choo hujaa mapema, na kisima cha karibu hakifai.

Nyuma kabisa, mapapai yalipoishia, yalianza matete. Mume alikuwa ameyaona Jumamosi ya kwanza na kuyapenda kwa ukijani wake. Hakujiuliza yanakunywa wapi maji mwezi Januari.

Baada ya hapo mama mdogo alikwenda dukani, duka dogo la mabati lililo juu ya mteremko. Alinunua karanga, akaketi kwenye benchi, akasalimiana na mwenye duka kwa kirefu. Hakuuliza kama pale kuna mafuriko. Alimwambia mpwa wake baadaye kuwa swali hilo halina faida, maana mwenye nyumba anaogopa bei yake kushuka na mwenye duka hataki ugomvi na jirani.

Aliuliza hivi: “Masika mnapitia wapi kwenda barabarani?”

Mwenye duka alinyoosha mkono kuelekea upande mwingine. “Kule juu, kwa kanisani. Hii ya kwenu huwa haipitiki.”

Akiwa ameanza kuzungumza, aliendelea. Aliwaonyesha mwembe uliosimama ukingoni mwa korongo, nusu ya mizizi yake ikiwa hewani. Alisema miaka mitano iliyopita watoto walikuwa wakicheza mpira nyuma ya mwembe huo. Sasa nyuma yake ni shimo. Chini ya korongo vijana wawili walikuwa wakijaza mchanga kwenye magunia. Mkondo ule huelekea Mto Tegeta, na kila kiangazi watu huchimba mchanga humo. Kila masika mto huchukua kipande cha ukingo kufidia ulichonyang’anywa.

Jumanne saa 11 alfajiri

Safari ya tatu alikwenda mke peke yake. Alilala Mabwepande kwa mama mdogo Jumatatu, na Jumanne saa 11 alfajiri alikuwa amesimama mbele ya pagale, akiwa na sare yake ndani ya mkoba, kana kwamba ametoka kuamka pale.

Alitaka kujua jambo moja: je, zamu inayoanza saa 1:30 asubuhi ataiwahi?

Njia ya kupanda hadi barabarani ilikuwa giza, taa hakuna. Alitembea na wanawake wawili wanaouza vitumbua, wakamwambia huwa wanangojana ili wasipite peke yao. Barabarani alisubiri daladala ya kwanza dakika 20. Tegeta Kibaoni alibadilisha gari, akasimama hadi Mwenge, akabadilisha tena. Aliingia wodini saa 2 kasoro dakika 10, na tayari alikuwa amelipa nauli tatu. Alipozidisha mara mbili kwa siku, mara siku 24 za kazi, kisha akaongeza nauli za watoto, alipata kiasi kinachokaribia kodi wanayolipa Sinza.

Kitu kingine alikiona njiani. Mahali pembamba zaidi, kati ya uzio wa jirani na ukuta wa pagale, njia ilikuwa na upana wa hatua tatu. Gari la kunyonya choo haliwezi kupita hapo, wala la wagonjwa, wala la zimamoto. Yeye ni muuguzi, na amepokea wagonjwa wengi waliobebwa kwa mkokoteni hadi barabarani.

Mhuri si hati

Mume, kwa upande wake, alichukua jukumu la ofisi.

Alianza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti alimpokea vizuri, akathibitisha kuwa muuzaji anamfahamu na kwamba yuko tayari kushuhudia mauziano na kugonga mhuri. Karatasi pekee ya muuzaji ilikuwa mkataba wa mauziano alionunulia yeye mwenyewe, ulioandikwa kwa mkono, ukisema eneo lina “hatua 20 kwa 25”. Haukusema hatua za nani.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa Dar es Salaam hukomea. Wanaona mhuri, wanaona mashahidi, wanatoa fedha. Mhuri wa serikali ya mtaa una kazi yake: unasaidia kuthibitisha kuwa muuzaji anajulikana na mauziano yalifanyika mbele ya watu. Lakini haugeuzi kipande cha ardhi kuwa kiwanja.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni mali ya umma, na Rais ameshikilia dhamana yake kwa niaba ya wananchi. Anachopewa mtu ni haki ya kuitumia, kwa kawaida kwa miaka 33, 66 au 99, kwa matumizi yaliyotajwa kwenye hati. Ndiyo maana swali la mnunuzi haliishii kwa “nani anauza?” Linaendelea hadi “eneo hili limepangwa liwe nini?”

Jibu la swali hilo liko halmashauri. Kwanza ilibidi ajue ni halmashauri ipi, kwa sababu ukanda ule una mpaka usioonekana kwa macho. Upande wa Madale na Wazo uko Manispaa ya Kinondoni, lakini ukivuka kuingia Goba uko Ubungo. Mtu anaweza kuzungushwa wiki nzima akiwa na maswali sahihi katika ofisi isiyo yake.

Katika ofisi ya mipango miji aliuliza maswali manne ambayo mke wake alimwandikia kwenye karatasi. Je, eneo lina mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa? Je, limepimwa na lina namba ya kiwanja? Mchoro unasema matumizi yake ni nini? Je, kuna barabara, njia ya umeme au bomba lililopangwa kupita hapo?

Ofisa alimfungulia mchoro. Nyumba zilizo juu ya mteremko, pamoja na duka, zilikuwa ndani ya viwanja vya makazi. Kuanzia katikati ya mteremko kushuka hadi korongoni kulikuwa na ukanda wa kijani uliofuata mkondo wa maji. Pagale lilikuwa ndani ya kijani.

Ofisa alimweleza kwa upole. Sheria ya Ardhi inahesabu eneo lililo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, nayo inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita hizohizo 60. Halmashauri haiwezi kutoa kibali cha ujenzi hapo, na bila kibali, hata kupaua ni kosa.

Jioni hiyo mume alipitia Madale na futi kamba ya mita 50 aliyoazima kwa fundi mwenzake. Alipima kutoka kwenye mizizi ya mwembe hadi kona ya karibu ya pagale. Kamba haikuisha. Ilikuwa mita 41.

Na mke wa muuzaji?

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lilitoka kwa mwenye duka, si ofisini. Muuzaji ana mke na watoto, wako Morogoro. Kwenye karatasi za mauziano hakukuwa na jina la mke wala saini yake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Pagale ambalo halijakaliwa linaweza kuzua ubishi kama ni nyumba ya familia au la, lakini mnunuzi mwenye akili hataki kuwa sehemu ya ubishi huo. Mabaraza ya ardhi na nyumba yana kesi nyingi zilizoanza kwa mke kurudi safari na kukuta mtu mwingine sebuleni, au kwa dada wa marehemu kudai kuwa kaka yao aliuza urithi ambao haujagawanywa.

Kwa hiyo kama muuzaji ana ndoa, mwenzake aonekane kwa sura, azungumze mwenyewe na asaini. Kama mali ni ya urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wajulishwe. Kama kuna hati, upekuzi rasmi ufanywe kwa Msajili wa Hati ili kujua jina lililoandikwa humo na kama kuna rehani ya benki au zuio. Hati inaweza kuwa halali na bado nyumba ikawa imewekwa dhamana ya mkopo.

“Mbona majirani wamejenga?”

Pamoja na hayo yote, mume hakukata tamaa. Ni rahisi kumlaumu, lakini alikuwa amelipenda pagale lile. Usiku alikuwa akichora kwenye daftari la mtoto mahali pa kuweka tangi la maji. Hoja yake ilikuwa moja, na ndiyo hoja ya maelfu ya watu: mbona majirani wamejenga, wana umeme, na hakuna aliyewagusa?

Mama mdogo alimjibu kwa majina ya mahali.

Alitaja Kimara. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Hifadhi ya barabara katika eneo hilo ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, wakati watu wengi walidhani ni mita 30 zinazotumika kwenye barabara kuu nyingine. Zilikuwamo nyumba za ghorofa, maduka, na nyumba zenye mita za umeme na bomba za maji. Mita ya umeme inaonyesha kuwa unatumia umeme. Haionyeshi kuwa upo mahali halali.

Alitaja pia bonde alilolikimbia mwenyewe. Desemba 2015 matingatinga yaliingia bonde la Msimbazi na kubomoa nyumba, na nyingine nyingi zikapigwa alama ya X nyekundu. Baadhi ya waliobomolewa walikuwa wamekaa hapo miaka mingi bila kuguswa. Aliyejenga ndani ya hifadhi hana fidia ya kutegemea, kwa kuwa kisheria hakuwa na haki ya kujenga.

Na hatari si maji na barabara tu. Aprili 29, 2009 maghala ya silaha ya kambi ya jeshi Mbagala yalilipuka, na Februari 16, 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Watu walikufa wakiwa majumbani mwao na maelfu walikimbia usiku. Anayetafuta nyumba anapaswa kuzunguka eneo walau kilomita mbili na kujua jirani zake wakubwa ni nani: kambi, machimbo ya mawe, dampo, nguzo za umeme wa msongo mkubwa, kiwanda. Vingine husikika usiku tu, na vingine hunukia upepo ukigeuka.

“Wale majirani hawajaguswa bado,” mama mdogo alisema. “Na mto nao hawajauona wote.”

Mume aliomba wangoje masika. Kama maji hayatafika kwenye pagale, angejaribu kumshawishi mkewe. Mke alikubali, akijua kuwa kungoja hakuna gharama. Dalali alipiga simu mara tatu mwezi Machi. Mteja wa Mwanza kila mara alikuwa anafika Jumatatu ijayo.

Mvua ya Aprili

Simu iliyowaita haikuwa ya dalali. Ilikuwa ya mwenye duka, usiku wa kuamkia siku moja katikati ya Aprili. “Mlisema mnataka kuona,” alisema. “Njooni leo.”

Walifika saa 2 asubuhi, mvua ikiwa imepungua na kubaki manyunyu. Njia ya michongoma ilikuwa imegeuka mfereji. Walipitia juu, kwa kanisani, kama wenyeji, wakasimama kwenye benchi la duka.

Korongo lilikuwa limejaa ukingo kwa ukingo. Maji ya kahawia yalitoka ndani ya matete, yakapita kwenye mapapai, yakaingia pagalani kupitia mlango wa jikoni na kutokea sebuleni. Yalikuwa yamefika kozi ya tatu ya matofali. Mwembe haukuwepo.

Kilichomgusa mke zaidi kilikuwa wanawake wa nyumba zile, kuliko maji yenyewe. Walikuwa wakipandisha magodoro kichwani na mitungi ya gesi mkononi, mmoja nyuma ya mwingine, bila kelele wala kilio. Watoto walibeba mabegi ya shule yaliyofungwa kwenye mifuko ya nailoni. Kila mtu alijua kazi yake. Yalikuwa mazoea.

Mume alisimama kwa muda mrefu mikono ikiwa mfukoni. Kisha akamsaidia mama mmoja kubeba friji hadi kwenye baraza ya kanisa, akarudi, akamwambia mkewe, “Twende nyumbani.”

Walipojumlisha, nauli zote, fedha za dalali za kuonyeshwa, karanga na siku moja ya kazi ambayo mume aliikosa, uchunguzi mzima ulikuwa umewagharimu chini ya Sh150,000. Uliokoa Sh28 milioni.

Kiwanja cha pili

Mwezi Agosti walinunua kiwanja upande wa Bunju. Hakina pagale wala mapapai. Ni mita za mraba 400, kidogo kuliko kile cha Madale, na kwa bei hiyo wamebaki na fedha za msingi peke yake, kwa hiyo Sinza wataendelea kuwapo kwa miaka mingine miwili au mitatu. Lakini kina namba, kiko kwenye mchoro kama kiwanja cha makazi, na mpima aliwaonyesha mawe yote manne ya mpaka, moja likiwa limefukiwa chini ya mbigili. Walilipa kwa benki, mbele ya wakili, mke wa muuzaji akiwa ameketi mezani. Mkataba una majina ya mume na mke, yote mawili.

Kabla ya kulipa walikuwa wamekitembelea mara tano. Mara ya pili ilikuwa mwishoni mwa Mei, siku ya mvua, mke akiwa na mwavuli na mama mdogo akiwa na kanga kichwani. Maji yalipita mbele ya kiwanja, yakaingia kwenye mtaro wa barabara na kuendelea zake. Walisimama kuyaangalia hadi mvua ilipokatika.

Pagale la Madale nalo limepata mtu. Vuli ilipoanza, lilikuwa limeezekwa bati la bluu na dirisha la mbele lilikuwa na pazia jeupe. Mke aliliona alipokwenda kumshukuru mwenye duka, akarudi na kulieleza jambo hilo kwa mama mdogo, na usiku huo hakuna aliyelala vizuri.

Wiki iliyofuata mama mdogo alipanda gari Bunju, akabadilisha Tegeta Kibaoni, akashuka Madale. Alinunua karanga, akaketi kwenye benchi. Mwanamke kijana alipopandisha njia ya michongoma na mtoto mgongoni, alimsalimia, akamsogezea nafasi ya kukaa.

“Mwanangu,” alimwuliza, “masika mtakuwa mnapitia wapi?”